Ukindu Mikononi mwa Watoto

Watoto ndio wenye Jumapili ya Matawi. Kamati ya liturujia inapokaa kupanga Juma Kuu, hilo ndilo neno langu la kwanza, na wazee wa parokia wameshalizoea. Mimi ni mlezi wa shirika la watoto la Utoto Mtakatifu hapa Dar es Salaam, mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, na watoto ninaokaa nao Jumamosi asubuhi ni wale wadogo kabisa: wa chekechea, wa darasa la kwanza na la pili, ambao hawajaanza mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Kwaresima yote tunafanya kazi za mikono. Katika kazi hizo ninayo kanuni moja: kitu anachotengeneza mtoto kwa ajili ya Pasaka lazima kitumike katika ibada. Kama hakina mahali pa kutumika, hatukitengenezi.

Walezi wenzangu wameniuliza mara nyingi kanuni hiyo nimeitoa wapi, maana vitabu vya michoro ya kupaka rangi vimejaa madukani na watoto wanavipenda. Nimeitoa kwa bibi yangu, na nilipoanza kusoma historia ya Pasaka nikakuta kwamba hata yeye aliipokea kutoka mbali sana.

Katika miaka ya 380 mwanamke mmoja aliyeitwa Egeria alitoka magharibi ya dola ya Kirumi akaenda kuhiji Nchi Takatifu. Aliwaandikia dada zake wa kiroho walioko nyumbani maelezo marefu ya yale aliyoyaona, mji kwa mji, ibada kwa ibada. Maandishi hayo yalipotea kwa karne nyingi. Mwaka 1884 msomi wa Kiitalia, Gian Francesco Gamurrini, aliyakuta katika mji wa Arezzo ndani ya kitabu cha kale cha mkono, yakiwa yamekatika mwanzo na mwisho. Kwa bahati njema, sehemu ya Juma Kuu la Yerusalemu ilisalimika.

Egeria alihesabu saa kama tunavyohesabu sisi, kuanzia macheo. Anasema Jumapili inayoanza juma hilo, saa saba mchana, watu wote walipanda Mlima wa Mizeituni pamoja na askofu, wakaketi, wakaimba na kusikiliza masomo. Ilipofika saa kumi na moja ikasomwa Injili ya watoto waliompokea Bwana kwa matawi. Hapo askofu akainuka, na watu wote wakaanza kuteremka mlima kwa miguu mbele yake, wakiimba. Na watoto wote walikuwamo, anasema, hata wale ambao kwa udogo wao hawakuweza kutembea. Hao wazazi wao waliwabeba shingoni. Kila mmoja alishika tawi, huyu la mtende, yule la mzeituni. Walikwenda polepole, watu wasichoke, mpaka wakafika kanisani jioni.

Nimeyasoma maelezo hayo mara nyingi, na kila mara nasimama kwa yule mtoto wa shingoni. Hajui kutembea, hajui kuimba, lakini ana tawi lake. Hakupewa tawi ili anyamaze watu wazima wapate kusali. Tawi ndilo lilikuwa sala yenyewe, na yeye alikuwa nalo sawa na askofu. Injili ya Mathayo inaeleza kwamba hata baada ya msafara kuingia mjini watoto waliendelea kupaza sauti hekaluni, wakuu wakachukia, na Yesu akawatetea. Kanisa la Yerusalemu liliisoma habari hiyo na likafanya jambo la wazi kabisa: likawapa watoto matawi.

Kutoka Yerusalemu desturi ilisafiri kwenda kwenye nchi za baridi ambako mtende hauoti. Huko watu walichuma walichokuwa nacho. Warusi na Wapolandi walikata vijiti vya mierebi vyenye machipukizi laini ya manyoya, kwa sababu ndivyo vinavyochipua kwanza theluji inapoanza kuyeyuka. Ufaransa, katika karne ya 9, Theodulf, askofu wa Orléans, alitunga wimbo wa Kilatini wa maandamano hayo unaotaja vinywa vya watoto. Yeye mwenyewe alivuliwa uaskofu mwaka 818 akafungwa Angers, akituhumiwa kumsaliti mfalme Louis. Katika makanisa mengi ya zama za kati wimbo wake uliimbwa na wavulana waliopandishwa juu ya lango, maandamano yakisubiri nje mpaka sauti zao ziitikiwe. Wajerumani walichonga punda wa mbao mwenye sanamu ya Kristo mgongoni, wakamtia magurudumu, wakamvuta barabarani, na watoto wakapandishwa juu yake. Punda mmoja wa namna hiyo, wa karne ya 11, bado yupo kwenye jumba la makumbusho la Zürich.

Kisha kukaja nyakati za kufuta. Mwaka 1548 baraza la mfalme Edward wa Sita wa Uingereza lilipiga marufuku majivu ya Jumatano ya kwanza ya Kwaresima na matawi ya Jumapili ya Matawi. Naomba msomaji aukumbuke mwaka huo, kwa sababu utatufikisha Masasi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmakua wa Masasi, Mwanglikana. Mimi ni Mkatoliki kwa upande wa baba, lakini mikono yangu ni ya bibi. Kwake ndiko nilikojifunza ukindu. Alinifundisha kuchana majani kwa ncha ya kisu, kuyaanika mpaka yaive na kuwa meupe, kuchemsha chane na rangi kwenye chungu kikuukuu ambacho hakipikiwi tena chakula, kusuka ukili, ule utepe mrefu wa mkeka, na mwisho kabisa kushona ukili kwa ukili kwa shazia, ile sindano nene, mpaka mkeka upate upana wake. Kazi hii ni ya pwani nzima na bara yake, na haiulizi dini ya mtu. Mkeka wa kuswalia na mkeka wa kuketia jumuiya ndogondogo ni kazi ya kidole kilekile.

Hata leo ukindu wa watoto wangu naununua kwa mama mmoja wa Kisarawe, Mwislamu, anayekuja sokoni na mafungu yake kichwani. Kwaresima ikianza huniona kwa mbali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ile siku yenu ya misalaba mwaka huu lini?"

"Mwezi ujao, mwanzoni mwanzoni."

"Basi nitakuwekea ya moyo. Haya yaliyokomaa yatawakata watoto vidole."

Ya moyo ni yale majani machanga ya katikati, kabla hayajafunguka. Ni laini, hayana kingo kali, na yakikunjwa hayavunjiki. Mama huyu hajawahi kuingia kanisani kwetu, lakini anajua vizuri kuliko wengi wetu ni jani gani linafaa kwa mkono wa mtoto wa miaka mitano.

Sasa Masasi. Mwaka 1857 David Livingstone alihutubia chuo kikuu cha Cambridge akaomba watu waje Afrika, na kutokana na wito huo ikaundwa misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu, UMCA, iliyokuja kufanya makao yake Unguja. Askofu Edward Steere, yuleyule wa sarufi ya Kiswahili na wa kanisa la Mkunazini lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, aliondoka Unguja mwaka 1876 na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Wengi wao walikuwa wametolewa pande za Ziwa Nyasa, na nia ilikuwa kuwarudisha huko. Walipofika Masasi, wakaona ardhi nzuri chini ya yale majabali makubwa, wakakaa. Ukoo wa bibi uliwapokea wageni hao.

Mapadre wa UMCA walikuwa Waanglikana wa mrengo uliofufua ibada za kale ambazo Uingereza ilizifuta zamani: uvumba, mishumaa, majivu, matawi. Kwa hiyo kilichokatazwa London mwaka 1548 kilipandwa upya kusini mwa Tanganyika, kwenye nchi yenye majani ya kutosha na mikono inayojua kusuka. Bibi alikua akiona Jumapili ya Matawi kuwa sikukuu kamili, na hakujua kwamba kuna Waanglikana waliowahi kuishi bila hiyo.

Katikati ya miaka ya 1960, Trevor Huddleston akiwa askofu wa Masasi, ilianza kazi ambayo imeliingiza jina la Masasi kwenye makanisa mengi ya Uingereza na Marekani. Wanavijiji walichuma majani ya mimea mifupi ya jamii ya mtende inayoota yenyewe porini, wakayaanika, wakayakunja kuwa misalaba midogo, na misalaba hiyo ikafungwa na kusafirishwa ng'ambo kuuzwa kwa parokia, fedha yake ikirudi vijijini. Huko kila muumini hupewa msalaba mmoja mkononi Jumapili ya Matawi, na watoto huondoka nao nyumbani. Nchi iliyokuwa imefuta matawi kwa amri ya mfalme sasa inayapokea kutoka kwa wajukuu wa watumwa waliokombolewa na majirani zao.

Bibi alikuwa miongoni mwa waliokunja. Alikunja barazani jioni, akiongea na wageni, bila kutazama vidole. Nilimwuliza misalaba yote hiyo inakwenda wapi. "Kwa watoto wa Ulaya, mjukuu wangu. Kwao hakuna mnazi." Akaendelea kukunja. Nilipokunja wa kwanza na ukakaa vizuri nikataka kuutundika ukutani kwetu. Alikataa. Akaniambia ule ni wa kanisani, umekwisha kuwa na mtu wake. Wangu wa ukutani nitapewa Jumapili kama kila mtu, ukiwa umebarikiwa. Kanuni yangu yote ilianzia kwenye kukataa kule.

Nieleze namna unavyokunjwa, maana vitabu vya wageni huonyesha picha nyingi na bado mtoto hukwama. Chane iwe na upana wa kidole na urefu wa dhiraa moja, kiwiko hadi ncha ya vidole. Iloweke kidogo, ifute. Mtoto aishike wima, upande mnene chini. Ile ncha nyembamba aipinde mbele ielekee kulia, ipate pembe mraba. Aizungushe nyuma ya mti, airudishe mbele kwa mshazari, aizungushe tena ili mishazari miwili ikatane. Hilo ndilo fundo. Kinachobaki akitoe kulia kuwa mkono mmoja, akikunje kirudi kushoto kwa nyuma kuwa mkono wa pili, kisha ncha aipenyeze kwenye tundu la fundo na kuivuta mpaka ikaze. Watoto karibu wote hushindwa mahali pamoja, kwenye zunguko la pili, kwa sababu wanaondoa kidole gumba ili waone wamefanya nini. Gumba likiondoka, kila kitu kinafumuka. Kwa hiyo mimi simfundishi mtoto msalaba kwanza. Namfundisha gumba. Tunakaa na kusema pamoja, "Gumba halitoki," mpaka mikono yenyewe izoee. Baada ya hapo msalaba unakuja wenyewe.

Misalaba ya watoto haifanani. Mmoja una mkono mrefu upande mmoja, mwingine umepinda kiunoni. Inakwenda kwenye kapu hivyo hivyo, inabarikiwa, na watu wazima wanaipokea mlangoni. Nimewahi kuombwa niichague ile mizuri ndiyo itolewe. Sikuchagua.

Mwaka unaofuata inarudi. Jumapili kabla ya Jumatano ya Majivu watoto huzunguka kwenye jumuiya zao wakikusanya matawi na misalaba ya mwaka uliopita, iliyokuwa nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu au juu ya mlango, imekauka na kushika vumbi. Tunaichoma kwenye karai nje ya sakristia, mtu mzima akishika moto. Majivu yakipoa, watoto wakubwa kidogo huyatwanga kwenye kinu kidogo na kuyachekecha kwa kitambaa, maana majivu ya ukindu yana vijiti vinavyokwaruza. Jumatano Padre anapowapaka watu majivu kwenye paji la uso, kuna mtoto wa darasa la pili kwenye benchi la mbele anayejua yametokea nyumba gani.

Kwa kuwa nimesema mimi ni mlezi wa Utoto Mtakatifu, niseme pia shirika hili limetoka wapi, kwa sababu historia yake inagusa pwani yetu kuliko watu wengi wanavyojua. Lilianzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Charles de Forbin-Janson, askofu wa Nancy. Alikuwa amesikia habari za watoto wanaotupwa na kufa China bila ubatizo, na badala ya kuwaomba watu wazima peke yao, aliwaendea watoto wa Ufaransa. Aliwaomba mambo mawili: Salamu Maria moja kila siku, na sarafu ndogo moja ya sou kila mwezi. Mwaka 1922 Papa Pio wa Kumi na Moja alilifanya kuwa shirika la kipapa.

Sarafu zile zilifika huku. Mwaka 1860 Padre Armand Fava aliwasili Unguja akitokea Réunion, na miaka 3 baadaye kazi ikakabidhiwa mapadre wa Roho Mtakatifu. Walifungua karakana ambamo watoto waliotolewa utumwani walijifunza useremala na uhunzi. Mwaka 1868 wakavuka kwenda Bagamoyo. Sehemu ya fedha iliyowakomboa na kuwalisha watoto hao ilikuwa ya Utoto Mtakatifu, yaani sou za watoto wa Ufaransa. Fedha hiyo ilipita mikononi mwa wauza watu, na hilo ni jambo zito. Watoto waliokombolewa hawakuulizwa wanataka kuishi wapi wala kuwa nani. Nikiwapeleka watoto Bagamoyo kuona makaburi, mbuyu na mabaki ya misheni, silifichi hilo kwa wale wanaoweza kuelewa. Lakini nawaambia pia kwamba mtoto wa Lyon na mtoto wa Bagamoyo waliunganishwa na kitu alichokishika mmoja wao mkononi. Wiki mbili baada ya Pasaka ya 1872, tarehe 15 Aprili, kimbunga kikubwa kilipiga Unguja na pwani, kikaangusha majengo ya misheni. Watoto wale walianza upya.

Kwa hiyo vibubu vyetu vya Kwaresima tunavitengeneza wenyewe. Ni maboksi ya dawa ya meno na ya majani ya chai, yamevikwa karatasi ya manila ya zambarau, tundu limekatwa kwa wembe na mlezi, msalaba umebandikwa kwa vipande vya ukindu vilivyobaki. Mtoto huweka humo sarafu ya barafu au ya karanga aliyoiacha. Vinafunguliwa Juma Kuu, na watoto wanaambiwa fedha inakwenda wapi kabla hawajaitoa. Mtoto mdogo hawezi kufunga chakula, na Kanisa halimtaki afunge, lakini kuacha barafu siku ya jua kali la Machi ni tendo analolielewa kwa mwili mzima.

Kuna kazi nyingine ya watoto ambayo imekaribia kusahauliwa. Alhamisi Kuu, baada ya Utukufu, kengele zinanyamaza hadi Utukufu wa Mkesha wa Pasaka. Pale zinaponyamaza hutumika mbao. Katika vijiji vya Austria, Luxembourg na Alsace watoto ndio waliochukua kazi ya kengele. Walizunguka mitaani na vibao na vyombo vya kelele vya mbao vinavyozungushwa kwa mkono, wakiwaita watu kwenye sala asubuhi, adhuhuri na jioni, na kazi ilipokwisha walipita nyumba kwa nyumba kupokea ujira wao. Ujira ule mara nyingi ulikuwa mayai.

Ndiyo maana siyakatai mayai ya Pasaka, ingawa yale ya plastiki yanayoletwa madukani kila Machi sina haja nayo. Yai lina sababu. Zamani Kwaresima ilikuwa mfungo wa nyama, maziwa na mayai pia, lakini kuku hawajui Kwaresima, wanaendelea kutaga. Pasaka ilipofika mayai yalikuwa yamejaa nyumbani, na watu waliyapika, wakayatia rangi, wakagawana. Hesabu za nyumba ya mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza za mwaka 1290 zinaonyesha peni 18 zilizotumika kwa mayai 450 ya kupambwa na kugawiwa Pasaka. Kitabu cha ibada cha Roma cha mwaka 1614 kina sala ya kubariki mayai. Waorthodoksi huyatia rangi nyekundu, kwa ajili ya damu ya Kristo. Sisi tunachemsha yetu na maganda ya vitunguu maji. Maganda yakijaa sufuria, yai linatoka jekundu la udongo, zuri sana, bila shilingi ya rangi. Jumapili ya Pasaka yanawekwa mezani baada ya Misa ya watoto. Yanabarikiwa, yanaliwa. Watoto wetu waliogonga mbao Ijumaa Kuu badala ya kengele wanapewa kwanza.

Wenzetu Wamoravian wana desturi nyingine ninayoiheshimu. Mwaka 1732 huko Herrnhut, Ujerumani, waumini walikwenda makaburini kabla ya jua kuchomoza siku ya Pasaka na kumtangaza Mfufuka kati ya ndugu zao waliolala. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na mpaka leo Wamoravian na Walutheri wengi wa nchi hii huamkia makaburini alfajiri ya Pasaka. Jirani yangu, Mlutheri wa Moshi, anasema utotoni kazi yao Jumamosi Kuu ilikuwa kufyeka majani, kufagia na kuweka maua kwenye kaburi la babu. Kesho yake walipofika gizani walijua kila jiwe. Hiyo nayo ni kazi ya mikono ya Pasaka, na hakuna duka linaloiuza.

Namna ya sasa ya kuwafundisha watoto kwa karatasi, gundi na mkasi ina asili yake. Mwaka 1837 Friedrich Fröbel alianzisha huko Bad Blankenburg, Ujerumani, shule ya watoto wadogo iliyozaa chekechea za dunia nzima, na katika kazi alizowapa zilikuwamo kukunja karatasi, kufinyanga na kusuka vipande vya karatasi vya rangi. Shule za Jumapili, ambazo Robert Raikes alizisambaza kuanzia Gloucester mwaka 1780 kwa ajili ya watoto waliokuwa viwandani wiki nzima, baadaye zilizipokea mbinu hizo. Lakini katika kuzipokea, kitu kilipungua. Kazi ikawa ya kujaza muda. Mtoto akapaka rangi kaburi tupu lililochapwa na mtu mwingine, akaenda nalo nyumbani, kesho yake likawa chini ya kitanda.

Maria Montessori aliliona hilo mapema. Barcelona, mwaka 1915 na uliofuata, watoto wa kanisa lake dogo la majaribio walipanda ngano na mizabibu, wakaitunza na kuivuna kwa ajili ya mkate na divai ya altare. Sofia Cavalletti, aliyeanza kazi yake Roma mwaka 1954 pamoja na Gianna Gobbi, aliendeleza njia hiyo kwa kuwapa watoto vifaa vidogo vya kushika: meza ya Karamu ya Mwisho, mitume wa mbao, kaburi lenye jiwe linaloviringika. Mtoto aliviringisha jiwe mwenyewe, kimya, mara nyingi alivyotaka. Wanawake hawa watatu, pamoja na bibi yangu ambaye hakuwahi kusikia majina yao, walikuwa na imani moja kwa mtoto.

Ngano haistawi Dar es Salaam. Tunapanda mtama kwenye makopo, Jumapili ya nne ya Kwaresima, na siku ya Mkesha makopo ya kijani kibichi yanapangwa mbele ya altare. Ukipandwa mapema mno hurefuka na kulala, ukichelewa haufiki. Mwaka mmoja mvua za masika zilipowahi, ulichipua mbio hadi ikabidi kuusogeza kivulini.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya Mkesha wenyewe. Watu wengi hawajui kwamba kabla ya miaka ya 1950 Mkesha wa Pasaka ulikuwa ukisomwa Jumamosi asubuhi, jua likiwaka, moto mpya hauonekani, kanisa karibu tupu. Papa Pio wa Kumi na Mbili aliruhusu mwaka 1951 urudishwe usiku kwa majaribio, na kuanzia 1956 Juma Kuu lote likapangwa upya. Giza liliporudi, mshumaa ukapata kazi yake, na watoto pia. Moto unawashwa nje, Padre anauchora mshumaa wa Pasaka msalaba, herufi ya kwanza na ya mwisho ya Kigiriki na tarakimu nne za mwaka, anauchomeka chembe tano za ubani, kisha mwali unapita mkono kwa mkono mpaka kanisa zima linawaka.

Kila mshumaa wa mkononi unahitaji kinga, la sivyo nta inaunguza vidole na kudondokea sakafu, na sakafu ile inakwanguliwa na kina mama wa usafi Jumapili alfajiri. Kinga ni duara la manila, limefuatishwa kikombe cha chai, lenye mpasuko wa msalaba katikati ambamo mshumaa unapita. Watoto wangu ndio wanaozitengeneza, za kanisa zima. Mmoja anachora, mwingine anakata. Mpasuko wa katikati ninapasua mwenyewe, kwa kuwa wembe si wa mtoto. Kila mmoja anaweka alama ndogo ya rangi yake pembeni. Usiku ule, wanapokuwa wamesinzia mabegani mwa mama zao wakati wa masomo saba ya Agano la Kale, wanaamka Utukufu ukipigwa kengele, na kitu cha kwanza wanachokitafuta ni alama yao iko mkononi mwa nani.

Mwaka huu duara tunalifanya kubwa zaidi kwa upana wa kidole, maana mishumaa ya dukani imekuwa minene na nta yake inachuruzika haraka. Manila nyeupe imekwisha kununuliwa. Mama wa Kisarawe ameahidi ukindu wa moyo mafungu manne Jumamosi ijayo, na mzazi mwenye shazia kuukuu isiyotumika aniletee; wale wa darasa la pili wako tayari kuanza mkeka wa mbele ya altare.